Hodi Isiyo na Miguu

Handali, mwezi wa saba. Upepo unasaga vumbi
hadi ndani ya boksi la slaidi,
ingawa dirisha nimeliziba kwa gazeti na uji wa sembe.
Damu ni ya Malogo, miaka sita. Goti limevimba
kwa mwiba wa mkungugu alioficha siku nne
asije akakatazwa kuchunga.

Mama yake yuko mlangoni:
"Perisi, mwiba tumeshautoa. Mbona bado anachemka?"

Naweka jicho kwenye darubini. Zambarau.
Seli nyeupe zimejaa kupita kawaida, na hapo
macho yangu yanagota. Yaliyobaki si ya kuona,
niliyasoma chuoni kwa taa ya chemli.

Kwenye ngozi ya seli kuna kipokezi.
Bakteria anapiga hodi, hakaribishwi.
Mgeni hubaki nje. Hodi ndiyo huingia.
Huingia bila miguu: aliyeisikia humgusa jirani,
jirani humbandika mwenzie alama
ndogo kuliko punje ya uwele,
na kila aliyebandikwa huamka mtu mwingine.

Ndani zaidi yupo mmoja ameshikwa mkono.
Siku zote ameshikwa. Anajua kusoma,
ndiyo sababu.
Hodi ikimfikia mshikaji, naye hutiwa alama,
husagwa, haachi hata jina.
Basi msomaji hukimbilia kiini,
huko maandishi yote ya mwili yamekunjwa, yamekunjwa tena,
na hasomi yote. Anapapasa. Ukurasa wake anaujua:
pasheni damu,
iteni wenzenu,
legezeni mishipa wapite.

Hilo ndilo joto, mama Malogo. Si mwiba.
Ni jibu la mwiba.

Sikumwambia hivyo. Nilisema,
"Sindano imeanza kazi. Mpe maji, mara kwa mara."
Na kuna mstari mmoja katika ukurasa ule
unaoniamsha usiku:
miongoni mwa ayaandikayo aliyeachiwa,
mapema, moto haujashika vizuri,
ni mshikaji mpya.
Anamwandika mlinzi wake kwa mkono wake mwenyewe.
Mlinzi anatengenezwa nje, kisha anaingia kumfuata,
anamshika pale pale pa zamani: twende.
Ndivyo goti linavyorudi kuwa goti.

Vidole vyangu mstari huo vimeuruka.
Tangu mwaka ule zabibu zilipooza mashambani kwa mvua
seli zangu zinaitikia hodi
ambayo hakuna aliyepiga.
Asubuhi siwezi kufungua chupa ya rangi.
Ndahani mfagizi hunifungulia bila kunitazama,
adabu yake hiyo.

Nameza vidonge viwili vyeupe. Hivi havibishi mlangoni.
Vinapenya ukuta kama baridi ya alfajiri inavyopenya tembe,
vinapokelewa ndani kwa ndani,
vinasindikizwa hadi kiinini, vinamkuta msomaji
kainamia ukurasa,
vinamwambia: funga.
Anafunga.
Kesho kabla ya jogoo amefungua tena.

Nahesabu seli mia kwa kidole kinachouma.
Neutrofili themanini na moja. Naandika,
mwandiko wangu siku hizi unalalia upande
kama mtama uliopitiwa na ng'ombe.

Siku ya tatu Malogo aliomba uji,
akauliza ni nani amewapeleka mbuzi mtoni,
akakasirika kusikia ni dada yake.
Ngozi ya goti ilikuwa imeanza kukunjamana.
Niliigusa kwa mgongo wa mkono. Baridi.
Mahali fulani mle ndani
mtu alikuwa ameshikwa mkono.

Nikarudi maabara. Nikamwita Ndahani
anifungulie chupa.